Maswali ya Wasomaji: Namba Ziko Sahihi, Mbona Hakuna Anayeshtuka?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu ambao kazi yao ni kukusanya takwimu za biashara na kuzipeleka mbele ya wenye kauli ya mwisho. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu zile nyingine, kila moja kwa namna yake, zimezaliwa na tatizo hilohilo.

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitengo cha usambazaji katika kampuni inayopokea oda zipatazo 15,000 kila robo mwaka. Kila baada ya miezi mitatu ninasimama mbele ya kamati ya menejimenti nikiwa na slaidi 32. Slaidi ya 19 inaonyesha kwamba asilimia 5.2 ya oda ziliwafikia wateja zikiwa zimechelewa. Chanzo tunakijua: taarifa za oda hupokelewa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, kisha karani anazinakili moja baada ya nyingine kwenye mfumo wa ghala, kwa kuwa mifumo hiyo miwili haisomani. Nimeomba mara tatu fedha za kuiunganisha. Kila mara wajumbe wanaitikia kwa vichwa, wananishukuru kwa taarifa nzuri, kisha tunahamia ajenda inayofuata. Takwimu zangu hazina kosa. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu zako ni safi. Kilichokuangusha ni mahali ulipoziweka na kipimo ulichozipimia.

Tuanze na mahali. Mtu aliyekwisha kusikiliza slaidi kumi na nane ambazo hazikumtaka afanye lolote, anapofika kwenye ya kumi na tisa huwa amekwisha kuzoea kusikiliza bila kuamua, na ombi lako linapita mbele yake kama taarifa nyingine tu. Ombi hilo ndilo lingekuwa sentensi yako ya kwanza: "Leo ninaiomba kamati iidhinishe kuunganishwa kwa mfumo wa oda na mfumo wa ghala, na nitaeleza sababu." Ukishalisema, kila takwimu inayofuata ipitishe kwenye swali moja tu: nikiiondoa hii, je, kuna mjumbe ambaye uamuzi wake utabadilika? Kama hayupo, takwimu hiyo ihamie kwenye kiambatisho, ambako atakayeitaka ataikuta. Ninajua inauma kuziondoa namba ulizokesha ukizitafuta. Hata hivyo kamati haikukuita ili ione umefanya kazi kiasi gani, na kwa jinsi ulivyoieleza hali yenyewe, sidhani kama unahitaji zaidi ya slaidi tano.

Sasa kipimo. Asilimia 5.2 ni kipimo kizuri cha kulinganisha robo hii na ile iliyopita, lakini haimwonyeshi msikilizaji mtu wala siku, na sikio lisilo la mtaalamu huisikia kama kitu kidogo, kwa sababu tano ikiwekwa kando ya mia huonekana ndogo. Ichukue namba hiyohiyo uirudishe mahali ilipotoka. Asilimia 5.2 ya oda 15,000 ni oda 780. Robo mwaka ina majuma 13, kwa hiyo ni oda 60 kwa juma. Kama mnafanya kazi siku sita, ni oda kumi kila siku. Basi sentensi yako inaweza kuwa hii: "Kila siku ya kazi, wateja kumi wanasubiri mzigo ambao tuliwaahidi kuwa ungekuwa umekwisha kufika." Hujaongeza chumvi hata chembe, hesabu ni ileile, lakini mjumbe sasa anaweza kuwaona wale kumi. Anaweza pia kujiuliza ni nani kati yao aliyempigia simu yeye binafsi juma lililopita, na anapofika kwenye swali hilo, takwimu imekwisha kuhama kutoka kwenye ukuta wa projekta na kuingia katika siku yake mwenyewe.

Kampuni ya Apple ilipoitoa iPod mwaka 2001, kifaa kile kilikuwa na nafasi ya gigabaiti 5. Waliokitangaza hawakuisimamisha gigabaiti mbele ya wanunuzi. Walisema kinabeba nyimbo 1,000 mfukoni. Mnunuzi hakuhitaji kujua gigabaiti ni nini, kwa sababu wimbo alikuwa anaujua na mfuko alikuwa nao. Ndivyo inavyopasa kufanywa na kila namba inayotoka kwenye kitengo cha kitaalamu kwenda kwa watu wasio wa kitengo hicho. Fundi wa mitambo anapoiambia bodi kwamba mfumo ulipatikana kwa asilimia 99.5 ya mwaka, bodi inafurahi. Akisema kwamba katika mwaka huo mfumo ulizimika kwa takriban saa 44, bodi inauliza saa hizo ziliangukia siku gani, na hapo ndipo mazungumzo yenye maana yanapoanza. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho msikilizaji anakitumia kila siku katika kazi yake. Kwa mkuu wa mauzo ni wateja, kwa meneja wa ghala ni saa za zamu, na kwa mkuu wa rasilimali watu ni idadi ya watumishi. Usibuni mfano wa mbali, kama ule wa kupanga karatasi hadi mwezini, kwa maana hakuna mjumbe anayefanya kazi yake mwezini.

Baada ya wale kumi, ionyeshe kamati oda moja tu, kwa ukaribu. Fungua kumbukumbu za mfumo, uifuatilie saa kwa saa. Tuseme iliingia Jumatatu saa tatu asubuhi. Ikakaa kwenye foleni ya karani, ambaye siku hiyo alikuwa na nyingine nyingi mbele yake, hadi Jumatano saa kumi jioni alipoinakili kwenye mfumo wa ghala. Ghalani ilichukua dakika arobaini kutolewa rafuni, kuhakikiwa na kufungwa. Saa 55 za kusubiri kunakiliwa, dakika 40 za kazi yenyewe. Uchore mstari mmoja wa muda kwenye slaidi, sehemu ya kusubiri uipake rangi nzito na sehemu ya kazi rangi hafifu, kisha unyamaze kidogo ili waitazame. Wajumbe wataona wenyewe kwamba watu wa ghala si wazembe na magari si machache, na kwamba muda wote ule umeliwa na kazi ya kunakili maneno ambayo tayari yalikuwa yameandikwa.

Ila oda hiyo usiichague kwa kutafuta iliyo mbaya kupita zote. Zipange zote 780 kuanzia iliyochelewa kidogo hadi iliyochelewa sana, uchukue iliyo katikati, na useme wazi kwamba ndivyo ulivyoichagua. Mfano wa kutisha ambao baadaye utagundulika kuwa wa pekee utakunyang'anya imani ya kamati kwa muda mrefu kuliko utakavyokusaidia siku hiyo.

Limebaki jambo moja, na ninashuku kwamba ndilo lililolikwamisha ombi lako mara zote tatu. Aliyesimika mifumo hiyo miwili bila shaka ni mkuu wa TEHAMA, na kwa kawaida mkuu wa TEHAMA hukaa katika kamati hiyohiyo. Takwimu yako, kwa masikio yake, ni mashtaka. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wanaotoka kwenye chumba cha kupasulia maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi. Vifo vya akina mama katika wodi ile, ambavyo mwezi wa Aprili vilizidi asilimia 18, vilishuka hadi asilimia 2 hivi katika miezi michache tu. Ushahidi gani ungeweza kuwa mzito kuliko huo? Hata hivyo wengi wa wakubwa wa taaluma waliukataa, na miongoni mwa sababu ni kwamba kuukubali kulikuwa sawa na kukiri kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa inaua. Semmelweis alichelewa hadi mwaka 1861 kuchapisha kitabu chake, na alipokasirika akawaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Ukweli ulikuwa wake, lakini aliupeleka kwa namna iliyowafungia watu mlango wa kuukubali bila kuaibika.

Kwa hiyo, kabla ya kikao, mfuate mkuu wa TEHAMA ofisini kwake. Mwonyeshe ile oda moja na saa zake 55, mwombe akusaidie kuangalia kama umezisoma kumbukumbu sawasawa, na umuulize yeye mwenyewe angependekeza nini. Mifumo hiyo yaelekea ilinunuliwa oda zilipokuwa chache, na wakati huo kunakili kwa mkono kulitosha. Liseme hilo mbele ya kamati, kwa kuwa ni haki yake. Kamati itakayosikia ombi hilo kutoka kwenu wawili haitakuwa na haja ya kumlinda yeyote.

SWALI: Ninaongoza huduma kwa wateja. Niliposoma kwamba watu huguswa na visa kuliko namba, nilianza wasilisho langu kwa kisa cha mteja wa miaka mingi aliyesubiri kwenye simu kwa dakika 47, akakata, na juma lililofuata akafunga akaunti yake. Mkuu wa fedha alinikatiza palepale: "Mteja mmoja si ushahidi." Nikakosa la kusema. Je, niviache visa?

JIBU: Usiviache, lakini mkuu wa fedha alikuwa na haki ya kusema alichosema, na ninakusihi uichukue kauli yake kama msaada. Kisa kinaeleza jambo linatokeaje; hakiwezi kueleza linatokea mara ngapi. Yeye aliuliza la pili, nawe ulikuwa umeandaa la kwanza peke yake.

Nguvu ya kisa si maneno matupu. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuchangia walioathiriwa na njaa. Waliopewa picha na maelezo ya msichana mmoja walichanga zaidi ya mara mbili ya wale waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye shida. Lililonishangaza zaidi ni kwamba waliopewa vyote viwili kwa pamoja, yaani msichana na takwimu, walichanga pungufu kuliko wale walioonyeshwa msichana peke yake. Namba zinapomiminwa juu ya kisa hukipooza. Lakini wewe huombi mchango wa huruma. Unaomba uamuzi utakaokaguliwa mwakani, na uamuzi wa namna hiyo ukijengwa juu ya huruma peke yake huanguka hesabu zinapofika. Kwa hiyo unavihitaji vyote viwili, ila visichanganywe katika pumzi moja. Simulia kisa chote hadi mwisho kwa sentensi nne au tano, nyamaza, kisha useme: "Robo hii, simu zilizosubiri zaidi ya nusu saa zilikuwa kadhaa, na kati ya waliopiga simu hizo, hawa wamefunga akaunti." Hapo kwenye "kadhaa" na "hawa" weka namba zako halisi.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: toa pia hesabu ya wale ambao hawakusubiri. Wangapi kati yao walifunga akaunti? Kama waliosubiri muda mrefu na waliojibiwa upesi wanaondoka kwa kiwango kilekile, basi kusubiri sicho kinachowafukuza, na ni heri uligundue hilo wewe kabla ya mkuu wa fedha.

Ninalisisitiza hili kwa sababu gharama ya kulisahau imewahi kuwa kubwa mno. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi waliotengeneza roketi za chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walijaribu kwa simu kuwashawishi wakubwa waahirishe safari ya kesho yake kwa sababu ya baridi. Walihofia kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi ingekakamaa na kuvujisha moto. Walituma chati 13, lakini hakuna hata moja iliyoweka safari zote zilizotangulia katika picha moja, joto upande mmoja na uharibifu upande wa pili. Waliangalia zaidi zile safari ambazo mipira ilikuwa imedhurika, na zikiangaliwa peke yake hazionyeshi mpangilio wowote wa wazi. Tume iliyochunguza ajali ilipoziweka pamoja na safari zisizokuwa na dosari, picha ilikuwa bayana: kila safari iliyorushwa joto likiwa chini ya nyuzi 65 za Fahrenheit ilikuwa na dalili za madhara, ilhali kati ya 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 66 au zaidi, zenye dalili hizo zilikuwa tatu tu. Challenger ilirushwa katika ubaridi uliokuwa mkali kuliko safari zote za nyuma, ikasambaratika sekunde 73 baadaye, na watu saba waliokuwemo wakapoteza maisha. Wahandisi wale walikuwa sahihi tangu mwanzo, na namba za kuthibitisha hivyo zilikuwepo. Zilizokosekana mezani ni zile ambazo hazikuonekana kuwa na tatizo, kumbe ndizo zilizobeba ushahidi.

Ukija na kisa kimoja, idadi ya waliosubiri, na idadi ya wasiosubiri ikiwa kando yake, mkuu wa fedha hatakuwa na sababu ya kukukatiza. Yamkini ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuunga mkono, kwa maana watu wa aina yake hukataa hoja isiyo na mizani, na wakiiona mizani hukubali upesi.

SWALI: Ninaandaa mawasilisho ya kuwavutia wateja wapya. Mwaka jana wateja wanne kati ya 900 walituletea malalamiko rasmi. Mwaka huu ni wawili. Meneja wangu anataka niandike kwa herufi kubwa: "Malalamiko yamepungua kwa asilimia 50." Pia ameniagiza chati ya nguzo ya kiwango cha huduma, kilichopanda kutoka 94 hadi 97, ianzie kwenye 93 badala ya sifuri. Anasema hakuna uongo hapo. Moyo wangu hautulii.

JIBU: Moyo wako unakuambia kweli. Sentensi inaweza kuwa na hesabu sahihi na bado ikamwacha msomaji akiamini lisilokuwepo, na anayeiandika akijua hivyo amepotosha.

Tazama yaliyotokea Uingereza mwezi Oktoba 1995. Kamati ya serikali ya usalama wa dawa ilitoa onyo kwamba baadhi ya vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa mara mbili, yaani kwa asilimia 100. Hesabu ilikuwa sahihi: hatari ilitoka mwanamke mmoja kati ya 7,000 hadi wawili kati ya 7,000. Lakini habari iliyowafikia watu ilikuwa ile "mara mbili" bila ya 7,000. Wanawake wengi waliacha vidonge kwa hofu, na inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa takriban 13,000 katika England na Wales, ilhali ujauzito wenyewe unaongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Namba moja iliyotajwa bila msingi wake ilitosha kuleta hayo yote.

Andika: "Mwaka jana wateja wanne kati ya 900 walituletea malalamiko rasmi, mwaka huu ni wawili." Mwambie meneja wako kwamba sentensi hii inavutia zaidi kuliko yake, kwa sababu mnunuzi mzoefu anaposoma "asilimia 50" swali lake la kwanza ni "kutoka ngapi?", na akijibiwa "kutoka wanne" atatilia shaka ukurasa mzima. Anaposoma kwamba ni wawili kati ya 900, anaona sifa ambayo nyie wenyewe mlikuwa mnaificha. Tahadhari moja tu: usiandike kwamba 898 wameridhika. Hamjawauliza. Kutoleta malalamiko ni jambo moja, kuridhika ni jingine.

Kuhusu chati, nguzo husomwa kwa urefu wake. Ukiianzisha kwenye 93, nguzo ya 97 itakuwa ndefu mara nne ya nguzo ya 94, na jicho litaamini huduma imekuwa bora mara nne kabla akili haijafika kwenye tarakimu za pembeni. Nguzo ni lazima zianzie kwenye sifuri. Mkitaka mabadiliko madogo yaonekane, tumieni grafu ya mstari, ambayo inaweza kuanzia juu ya sifuri mradi mhimili umeandikwa wazi, au muandike tu kwa maneno kwamba kiwango kimetoka 94 hadi 97. Zungumza naye faraghani, si mbele ya wenzenu, na nenda ukiwa na matoleo yote mawili yamechapwa ili ayalinganishe kwa macho yake.

SWALI: Programu ninayotumia ina chati za aina nyingi sana. Kwa kuonyesha mauzo ya bidhaa zetu nane, nitumie chati ya duara au ya nguzo?

JIBU: Ya nguzo, zilizolazwa, zikipangwa kutoka kubwa hadi ndogo. William Playfair alichapisha chati za nguzo mwaka 1786 na za duara mwaka 1801, na tangu hapo watu wamezitumia zote mbili, lakini majaribio ya William Cleveland na Robert McGill, yaliyochapishwa mwaka 1984, yalionyesha kwamba jicho hulinganisha vitu vilivyoanzia mstari mmoja kwa usahihi mkubwa kuliko linavyolinganisha pembe. Vipande vinane vya duara ni pembe nane, na msikilizaji aliyekaa nyuma ya ukumbi hataweza kutofautisha kipande cha tatu na cha nne. Duara litumie pale unapokuwa na sehemu mbili au tatu na unataka kuonyesha kwamba moja imezidi nusu.

Nguzo zote zipake rangi moja iliyofifia, isipokuwa ile ya bidhaa unayoizungumzia. Na kichwa cha chati kisiwe "Mauzo kwa Bidhaa", kwa kuwa hicho kinataja mada tu. Kiwe ndiyo sentensi uliyotaka kuitamka: "Bidhaa mbili kati ya nane zinaleta zaidi ya nusu ya mauzo yetu." Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, chati hiyo bado haijawa tayari kuonyeshwa, rudi kwenye jedwali lako uitafute.